Kabla hujanunua printa ya 3D, nunua nta

Najua wengi mmeingia hapa mkitafuta sehemu ya tatu ya lile somo la Python. Itakuja, msiwe na wasiwasi. Leo naomba niwatoe kidogo mbele ya skrini, maana kuna jambo limenikaa moyoni na nisipoliandika sitatulia. Nataka tuongee juu ya nta. Ndiyo, nta, ile inayobaki asali ikishakamuliwa.

Sababu ni barua pepe ninazopata. Vijana wa huku kwetu, wengine Migori, wengine Homa Bay, mmoja hata Isebania pale mpakani, wananiuliza swali moja kwa maneno tofauti: "Kaka, ninunue printa gani ya 3D?" Wameona video. Wana ndoto ya kutengeneza hereni, mikufu, beji za shule, vinyago vya kuuzia wageni. Wengine wako tayari kukopa kwenye chama cha mama ili waagize mashine kutoka China. Jibu langu limekuwa lile lile na nimechoka kuliandika kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo naliweka hapa litumike na wote: usinunue mashine yoyote kwa miezi sita. Tafuta nta ya nyuki, kisu kidogo na meza yenye mwanga. Kaa nyumbani ufinyange visanamu kwa mkono, mpaka vidole vyako vijue umbo ni kitu gani. Baada ya hapo njoo tuongee habari za printa.

Najua mtasema huyu jamaa alisomea sayansi ya kompyuta miaka minne, leo anatuambia tucheze na nta kama watoto wa chekechea. Ngojeni kwanza nieleze.

Tuanze na dhahabu, kwa sababu hiyo ndiyo inayoniuma. Mtu yeyote aliyepita Nyatike anajua habari za Macalder na Osiri. Mgodi mkubwa wa Macalder ulifungwa miaka ya 1960, lakini watu hawakuacha kuchimba. Wanashuka shimoni, wanapandisha mawe, wanayasaga, wanaosha mchanga, halafu wanatia zebaki ili iikamate dhahabu. Donge linalopatikana linachomwa motoni ili zebaki iondoke kwa mvuke, na mara nyingi inachomwa hapo hapo, karibu na watu, karibu na chakula. Zebaki ni sumu ya mishipa ya fahamu. Mkataba wa dunia wa kuipunguza, uliopitishwa mwaka 2013, uliitwa Minamata kwa jina la mji wa Japani ambako watu walipooza na kufa kwa kula samaki wenye sumu hiyo. Kinachobaki baada ya kazi yote hiyo ni chembe ya manjano. Inawekwa kwenye mizani ya dijitali ndogo kama simu, inapigiwa hesabu ya gramu, mnunuzi analipa, chembe inaondoka. Nasi hatuioni tena.

Mahali inapogeuka kuwa pete, au kidani cha umbo la samaki, ni mbali: Nairobi, Mombasa, Dubai, India. Mimi binafsi sijakutana na kijana wa Nyatike anayeuza kitu cha madini alichokibuni yeye mwenyewe. Ni kama sisi waandishi wa programu tungekuwa kazi yetu ni kukusanya data tu, tuwauzie watu wa mbali kwa kilo, halafu tununue programu walizotengeneza kwa data hiyo. (Na wengine wetu tunafanya hivyo hivyo, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.)

Sasa jiulize: kati ya ile chembe na ile pete kuna nini? Wengi watajibu: mashine. Moto tunao. Mafundi wa jua kali wa Rongo na Migori mjini wanaujua moto kuliko wewe na mimi. Ukienda Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, utaonyeshwa mahali ambapo watu wa zamani walifua chuma. Kwa hiyo moto si mgeni hapa. Kinachokosekana ni mtu wa kutengeneza umbo. Na umbo la kitu kidogo cha madini, tangu zamani sana, huanzia kwenye nta.

Kwa asiyejua, kazi yenyewe inakwenda hivi. Unafinyanga kisanamu chako kwa nta. Unakibandika vijiti vya nta vitakavyokuwa njia. Unakifunika kwa udongo laini sana, kwanza kwa tabaka jembamba linaloingia kila mkunjo, kisha kwa udongo mzito zaidi, na unaacha ukauke kabisa. Unauchoma. Nta inayeyuka na kutoka kupitia zile njia, na ndani ya udongo linabaki pengo lenye sura ya kisanamu chako, hata alama ya kidole chako ikiwa uliiacha. Ndani ya pengo hilo unamimina madini yaliyoyeyushwa. Yakipoa unavunja udongo. Kalibu imekufa, nta imekwenda, kilichobaki ni kitu kimoja tu ambacho hakina pacha.

Watu wa Igbo-Ukwu, Nigeria, walikuwa wakisubu vyombo vya ajabu kwa njia hii kwenye karne ya 9. Benin walifanya. Waakan wa Ghana walitengeneza visanamu vidogo vya shaba, mamba, ndege, watu wanaocheza bao, vikawa mawe ya mizani ya kupimia dhahabu ya unga. Hebu fikirini hilo kidogo. Wenzetu walikuwa na unga wa dhahabu kama sisi, na hata kile cha kupimia walikifanya kuwa sanaa. Sisi tunapimia kwa mizani ya betri.

Na msifikiri ni mambo ya Afrika Magharibi peke yake. Siwa ya shaba ya Lamu, ile baragumu kubwa ya kifalme, ilisubiwa kwa njia ya nta karne kadhaa zilizopita. Ndiyo maana hata Kiswahili hakina haja ya kuazima maneno hapa. Kusubu tunalo. Kalibu tunalo. Sonara tunaye. Nta ipo. Mimi hutumia nusu ya siku yangu kutafuta neno la Kiswahili la kitu fulani cha kompyuta, na mara nyingi naishia kubandika irabu mwishoni mwa neno la watu. Kwenye kazi hii maneno yalikuwa yanatungoja kwenye kamusi.

Haya, nta yenyewe inapatikana wapi? Hapo ndipo Homa Bay inapoingia. Bonde la Lambwe, kandokando ya Hifadhi ya Ruma, lina vichaka na maua na wafugaji wa nyuki. Asali yake inauzwa barabarani hadi Mbita. Lakini nta? Nilimuuliza mama mmoja anayeniuzia asali.

"Mama, masega mkishakamua mnapeleka wapi?"

"Masega? Hayo tunatupa, kijana wangu. Mara nyingine watoto wanatafuna. Wewe unataka ya nini?"

"Nataka kutengeneza kiboko."

Alicheka mpaka akaweka chupa chini. "Haya chukua, chukua yote. Huyo kiboko akikushinda niletee, nitapaka viatu."

Nimeshachukua mara kadhaa kwake, na sasa hakubali kunipa bure tena, jambo ambalo ni zuri. Kitu kikipata mnunuzi kinapata bei.

Masega mabichi yana uchafu mwingi: vifuko vya watoto wa nyuki, miguu, mabaki ya asali. Yachemshe kwenye maji, yachuje kwa kitambaa cha zamani, uache yapoe usiku kucha. Asubuhi utakuta kipande cha manjano kimeelea juu kama chapati nene. Kikwangue uchafu wa chini, rudia mara ya pili. Nta safi ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo hakuna haja ya moto mkali. Weka nta kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji, sufuria kwenye jiko. Uzuri ni kwamba maji hayawezi kuipandisha nta juu ya joto la kuchemka kwake, na huku kwetu, kwa kuwa ziwa liko mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Fizikia inakulinda bure.

Usithubutu kuweka nta moja kwa moja juu ya moto ukaenda kuangalia ujumbe kwenye simu. Na ikishika moto, USIMWAGE MAJI. Maji yanageuka mvuke kwa ghafla na kuirusha nta inayowaka usoni mwako. Funika kwa kifuniko, zima jiko. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa makusudi.

Vifaa vingine ni vya nyumbani. Kisu kidogo chembamba. Kijiko cha chai, mpini wake ni mzuri kwa kulainisha. Waya wa gurudumu la baiskeli, uliopondwa ncha moja ukawa bapa, mwingine ukaachwa mkali. Hivyo viwili vinatosha kwa miezi mingi. Kupasha ncha moto nashauri taa ndogo ya spiriti, kwa sababu koroboi inaacha masizi na masizi yakiingia kwenye nta hayatoki. Kama unataka kujua kazi hii inaweza kufika umbali gani, waulize wanaosomea udaktari wa meno. Wanachonga meno ya nta darasani, jino baada ya jino, kila bonde na kila kilima, kabla hawajaruhusiwa kugusa mdomo wa mtu. Hakuna anayewaambia wanacheza.

Sasa jambo la saa. Nta ya nyuki huanza kulainika vizuri kwenye nyuzi 32 hadi 35, na mwili wako uko kwenye 37. Maana yake mkono wako wenyewe ni jiko. Ukiishika donge dakika chache linakuwa kama unga wa chapati. Ni raha, lakini ni shida pia, kwa sababu Homa Bay saa nane mchana chumba chenyewe kina joto karibu hilo hilo, na kisanamu kinaanza kulala chenyewe mezani. Fanya kazi alfajiri au usiku. Weka bakuli la maji ya mtungini kando, kichovye kisanamu kila sehemu inapolegea. Wengine huchanganya mshumaa wa kawaida wa dukani ili nta iwe ngumu zaidi. Inasaidia, lakini ukizidisha inakuwa ya kuvunjika, maana nta ya mshumaa haina ule unato. Jaribu vipimo vidogo vidogo uandike unachotia.

Cha kwanza kufinyanga, kwa maoni yangu, ni kiboko. Ana miguu minene, shingo hana, mwili ni kama gunia. Vilevile unamjua. Mtu wa ziwani hahitaji picha ya kiboko. Acha korongo kwanza. Korongo wa Ruma ni mnyama wa kuvutia, na hiyo ndiyo hifadhi pekee ya Kenya anakoishi porini, kila mtu angependa kumtengeneza. Lakini ana miguu kama vijiti, pembe zilizopinda nyuma na masikio marefu. Miguu ya namna hiyo inavunjika kabla hujafika kwenye mkia. Mfikie mwezi wa nne.

Hapa ndipo nataka wale wa kompyuta wanisikilize vizuri, maana hoja yangu yote iko hapa.

Kwenye Blender (ambayo ni bure, na naipenda, nisieleweke vibaya) unaweza kutengeneza kiboko mwenye ngozi isiyo na unene wowote. Kwa hesabu za kompyuta, ukuta ni uso tu, hauna ndani wala nje. Unaweza kumsimamisha kwenye kidole kimoja cha mguu na hataanguka, kwa sababu hakuna uzito. Unaweza kupitisha jino lake katikati ya mdomo likatokea shavuni na programu isikuambie lolote. Kwenye skrini yote hayo ni mazuri na unapongezwa mtandaoni. Halafu unapeleka faili kwenye printa na inatoka tambi. Au mbaya zaidi, inatoka sawasawa, unapeleka kwa fundi wa kusubu, na madini yanakataa kuingia kwenye sikio jembamba kama karatasi.

Nta haikuruhusu kudanganya. Mguu mwembamba unaufanya kiboko apige magoti mbele yako. Ukizidisha kichwa anaanguka kifudifudi. Ukiangalia upande mmoja tu kwa dakika kumi, ukimgeuza unakuta upande wa pili hauna uso. Kila kosa linaonekana papo hapo, bure, bila kusubiri saa sita za mashine kuchapa. Sisi wa programu tunajua thamani ya kupata jibu haraka: msimbo unaoendeshwa kila baada ya mistari mitatu hauwezi kukusumbua kama ule ulioandikwa wiki nzima bila kuujaribu. Nta ni hivyo hivyo. Na ikishindikana kabisa, unairudisha kwenye kopo. Hakuna hasara ya malighafi hata gramu moja. Jiwe la sabuni la Tabaka pale Kisii halina huruma hiyo. Wachongaji wake wanapunguza tu, na kilichopunguzwa hakirudi. Kwenye nta unapunguza, unaongeza, unapinda, unaunganisha kwa ncha ya moto.

Kitu pekee kinachokosekana ni historia. Hakuna Ctrl+Z. Dawa yake ni kupiga picha nne kwa simu kila unapofika mahali pazuri: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Baada ya mwezi utakuwa na kumbukumbu ya mkono wako mwenyewe, na hiyo utaithamini kuliko kisanamu.

Mfaransa Edgar Degas, mchoraji maarufu wa wacheza densi, alifinyanga nta kwa miaka mingi chumbani kwake. Alionyesha sanamu moja tu hadharani, mwaka 1881. Alipokufa mwaka 1917 wakakuta vipande karibu 150 vya nta na udongo, vingi vimevunjika. Farasi, wanawake wanaooga, wacheza densi wamesimama mguu mmoja. Alikuwa anavitumia kuelewa mwili unavyosimama. Vile vya shaba mnavyoviona kwenye majumba ya makumbusho leo vilisubiwa baada ya kifo chake. Nawataja watu wa mbali kwa sababu kuna mtu ataniuliza "na faida yake ni nini kama huuzi?" Basi ndiyo hiyo. Unaelewa mwili unavyosimama.

Kuna hoja za kunipinga, na baadhi ni nzito. Ya kwanza: siku hizi akili bandia inatengeneza umbo la 3D kutoka kwenye sentensi moja, kwa nini mtu ajitese? Nimezijaribu. Ukiomba kiboko unapata kiboko, tena mzuri. Lakini ni kiboko wa wastani wa viboko vyote vya mtandaoni, na mtu wa Jakarta akiomba atapata ndugu yake. Pia bado anahitajika mtu wa kuangalia na kusema, hapa pamekuwa pembamba, hapa madini hayatafika, hapa patakata shingo ya anayevaa. Mtu huyo atajulia wapi kama hajawahi kushika kitu? Akili bandia inaongeza thamani ya jicho linalojua kukataa.

Ya pili ni soko. Nani Migori atanunua kidani cha dhahabu chenye umbo la ngege? Hii sina njia ya kuikwepa. Sisi hatuna desturi ya dhahabu kama watu wa pwani, na mama zetu wakipata fedha wananunua ng'ombe au mabati. Lakini angalieni shaba ya manjano. Mafundi wa Kibera wanayeyusha bomba na kufuli za zamani na kutengeneza hereni na bangili zinazovaliwa mbali sana na Kenya. Malighafi yao ni takataka. Kilichofanya zinunuliwe ni umbo. Wanaoniandikia kila siku kuhusu "kuongeza thamani" huwa wanaanza na kiwanda. Kwangu mimi inaanza na mtu aliyekaa mezani anajua anachotaka kutengeneza.

Ya tatu ni sheria. Chini ya Sheria ya Madini ya 2016 kufanya biashara ya madini kunahitaji leseni. Kwa hiyo usisome makala hii ukaenda Osiri kununua dhahabu mfukoni. Jifunzie kwa nta, na ukitaka madini, anza na shaba. Na kusubu kwenyewe si kazi ya jikoni. Shaba ya manjano inayeyuka kwenye nyuzi 900 na kitu, na moshi wa zinki unaotoka humo unaleta homa. Udongo usiokauka vizuri unapasuka ukimiminiwa madini. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye tanuri, glavu na uzoefu. Ninachosema kifanyike nyumbani ni nta peke yake.

Jambo moja la hesabu ambalo litawafurahisha. Ukitaka kujua kisanamu chako kitakula madini kiasi gani, kipime uzito kikiwa nta, gawanya kwa 0.96 ambao ndio uzani wa nta kwa sentimita moja ya ujazo, halafu zidisha kwa uzani wa madini. Shaba ya manjano ni kama 8.5. Fedha ni 10.5. Dhahabu halisi ni 19.3. Kiboko wa nta wa gramu 20, ambaye anakaa kwenye kiganja, atakula shaba gramu 177. Kwa dhahabu ni gramu 402! Ukimsubu huyo, tafadhali nialike. Lakini hesabu hiyo hiyo inakufundisha kubuni. Kidani cha nta cha nusu gramu kinataka dhahabu gramu 10, na ghafla unaanza kujiuliza ni wapi unaweza kupunguza nta bila umbo kupotea. Mafundi wa Benin walijibu swali hilo kwa kufinyanga kwanza moyo wa udongo, halafu kuuvika nta nyembamba, ili sanamu iwe tupu ndani. Kuvika nta nyembamba kwa usawa, hilo ndilo zoezi gumu kuliko yote niliyojaribu, na ndilo ninalolifanya sasa hivi kila jioni. Kipimo changu ni milimita mbili. Nachoma sindano yenye alama mahali pengi na kuangalia.

Basi kama uko tayari: kilo moja ya nta safi inakutosha mwaka mzima, kwa kuwa unairudia. Usianze na uso wa mtu, utakata tamaa. Kiboko, kisha kuku aliyelala, kisha ngege, kisha ng'ombe, kisha mtumbwi wenye watu wawili, halafu ndiyo korongo. Kila kimoja mara kumi. Vyote viwe vidogo kuliko kidole gumba, isipokuwa unataka kuonyesha watu. Vihifadhi kwenye mtungi au chini ya kitanda, mbali na dirisha la magharibi, na mbali na nyuki pia. Usicheke, nyuki huifuata harufu ya nta yao.

Nimeandika programu ndogo ya mistari kama thelathini inayopiga ile hesabu ya nta na madini, inafanya kazi hata kwenye simu ya bei ndogo bila intaneti. Anayeitaka aniandikie nitamtumia. Nami nina ombi langu: natafuta fundi wa kusubu kati ya Rongo na Migori mjini, mwenye tanuri linalofika nyuzi 1,000, aliye tayari kujaribu kalibu za udongo na unga wa makaa kwa shaba ya mabomba ya zamani. Nina viboko saba na kuku wawili wanangoja. Kama unamjua mtu wa namna hiyo, mwambie nitabeba makaa yangu mwenyewe.